Milango mitano ya msaada wa kisheria Dar es Salaam: mwanamke au mtoto akionewa, uanzie wapi?

Mama anayedai matunzo ya mtoto hapa Dar es Salaam anaweza kuelekezwa sehemu nne ndani ya wiki moja. Mjumbe atamtuma serikali ya mtaa, mtaa utampeleka kwa msaidizi wa kisheria wa kata, jirani atamwambia "nenda ustawi", na dada yake atasisitiza polisi. Wote wanamtakia mema, na kila mmoja yuko sahihi kwa jambo fulani. Tatizo ni kwamba ofisi hizo hazifanyi kazi moja. Akianza na isiyomhusu anapoteza nauli, anapoteza siku za biashara, na mara nyingine anapoteza ushahidi usiopatikana tena.

Ulinganisho huu unahusu njia tano za bure au karibu na bure: msaidizi wa kisheria wa kata, Ustawi wa Jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kliniki za sheria za asasi, na miradi inayofungua kesi za kubadili sheria yenyewe.

Vigezo tulivyotumia

Cha kwanza, na kwetu ndicho kizito kuliko vyote, ni karatasi unayotoka nayo. Kila mlango una karatasi yake: barua, makubaliano, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), cheti cha baraza, hukumu. Kabla hujatoka nyumbani jiulize, mwisho wa safari nataka kushika karatasi gani, na karatasi hiyo inamlazimisha nani kufanya nini? Makubaliano mazuri yasiyoweza kukaziwa, yaani kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama, hayamlishi mtoto mzazi mwenzio akizima simu.

Cha pili ni muda: kuna mambo yanayohesabiwa kwa saa, mengine kwa miezi. Cha tatu ni gharama halisi, maana hata huduma ikiwa bure kuna nauli ya daladala, nakala, na siku ambayo meza yako sokoni itabaki tupu. Cha nne ni usiri na usalama wako. Cha tano ni mpaka wa mamlaka: kitu gani mtoa huduma huyo hana ruhusa ya kukufanyia, hata akiwa na moyo mwema kiasi gani.

1. Msaidizi wa kisheria wa kata

*Kazi yake.* Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilimpa nafasi rasmi. Si wakili. Ni mtu aliyepata mafunzo ya sheria za msingi na anafanya kazi chini ya taasisi iliyosajiliwa. Anakueleza haki zako, anakusaidia kuandika barua, anakuelekeza ofisi inayohusika, na anaweza kuwapatanisha mkiafiki.

*Karatasi.* Barua ya wito kwa upande wa pili, barua ya kukupeleka ofisi nyingine, au makubaliano mliyosaini mbele yake. Hakuna kati ya hizo iliyo amri.

*Muda na gharama.* Mara nyingi unamwona siku hiyohiyo au kesho yake, tena kwa miguu. Haruhusiwi kukutoza. Akitokea anayedai "hela ya fomu" au "hela ya kumwita mtuhumiwa", muulize anatoka taasisi gani, omba kuona kitambulisho chake, kisha peleka malalamiko kwa Msajili Msaidizi wa msaada wa kisheria kwenye halmashauri yako.

*Panapokwama.* Hawezi kusimama mahakamani kwa niaba yako. Na kwa kuwa ni mtu wa mtaani, anamjua mumeo, anamjua na shemeji yako. Kama siri ndiyo ulinzi wako, nenda kata nyingine au anza na kliniki ya asasi. Pia kuna wanaojaribu kusuluhisha kila kitu. Ubakaji, ulawiti na kipigo kilichojeruhi si mambo ya kupatanishwa kwenye benchi la ofisi ya kata. Hapo kazi yake ni kukusindikiza polisi na hospitali.

*Anamfaa nani.* Anayeanza kabisa, asiyejua tatizo lake linaitwaje kisheria, au anayeogopa kuingia ofisi kubwa peke yake. Msaidizi mzuri anakufanyia kitu kimoja chenye thamani kuliko barua zote: anakaa na wewe mnaandika ukurasa mmoja wenye tarehe. Mlianza kuishi pamoja lini, mlifunga ndoa lini na wapi, watoto walizaliwa lini, kiwanja kilinunuliwa mwaka gani na kwa fedha ya nani, matunzo yalikoma mwezi upi, nani alishuhudia nini. Ukurasa huo utembee nao kila ofisi. Unakuepusha na kosa la kusimulia upya kila mara kwa namna tofauti, na maelezo yanayopishana ndiyo wakili wa upande wa pili anayoyasubiri.

2. Ustawi wa Jamii

*Kazi yake.* Maafisa ustawi wa jamii wapo katika halmashauri zote tano za mkoa: Jiji la Dar es Salaam kwa upande wa Ilala, na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Nguvu yao kwa mambo ya watoto inatoka kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009. Unafungua faili, mzazi mwenzio anaitwa, kikao kinafanyika, na mkiafikiana mnasaini. Mahakama nayo huwatumia kuchunguza mazingira ya mtoto na kutoa taarifa kabla hakimu hajaamua mtoto akae na nani.

*Karatasi.* Makubaliano ya matunzo au malezi. Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa sababu ya namna yalivyoandikwa. "Baba atamhudumia mtoto kadiri ya uwezo wake" ni sentensi isiyodaiwa. Makubaliano yanayofaa yana kiasi, tarehe, na njia ya malipo: Sh 120,000 kila mwezi, kabla ya tarehe 5, kwa namba hii ya simu, ada na sare za shule analipa nani, bima ya afya anakata nani, mtoto anamtembelea mzazi mwingine siku zipi. Fedha ipitie kwenye simu au benki. Ujumbe wa muamala ni ushahidi, kwa anayelipa na kwa anayedai pia. Fedha ya mkononi huzaa ubishi.

Nenda kikaoni na hesabu ulizokwisha kuandika. Chakula cha mtoto kwa siku zidisha kwa 30: kama ni Sh 3,000, hiyo ni Sh 90,000 kabla hujagusa kitu kingine. Ongeza nauli ya shule, daftari na viatu, matibabu, na sehemu ya kodi inayomhusu mtoto. Ambatanisha stakabadhi za ada na kadi ya kliniki. Kisha andika unachokijua kuhusu kipato cha mwenzio: anafanya kazi wapi, ana bodaboda ngapi, ana vyumba vya kupangisha wapi. Sheria inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, pamoja na majukumu mengine waliyonayo. Ukitaja mahitaji bila kutaja uwezo wake, umepeleka nusu ya hoja.

*Muda na gharama.* Huduma ni bure. Wito wa kwanza mara nyingi hutoka ndani ya siku chache. Kinachochelewesha ni mwenzio kutotokea.

*Panapokwama.* Asipokuja, au akisaini kisha asilipe, afisa ustawi hana uwezo wa kukamata mshahara wake wala kuuza mali yake. Hiyo ni kazi ya mahakama. Usikubali kurudia vikao visivyoisha: wito wa pili ukipuuzwa, omba barua inayoeleza hatua zilizochukuliwa, nenda Mahakama ya Watoto. Ipo Kisutu, na zipo Mahakama za Mwanzo zilizopewa mamlaka hayo. Makubaliano yaliyovunjwa yatakuwa kielelezo chako.

Akikana kuwa mtoto ni wake, suala linahamia kwenye kipimo cha vinasaba katika Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ombi la kipimo linapitia kwa mamlaka zinazotambuliwa, zikiwemo mahakama na ustawi, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda huko peke yako na mtoto mgongoni.

*Anamfaa nani.* Mzazi mwenye mwenzio anayepatikana na ambaye bado anasikia aibu au wajibu. Pia anamfaa bibi au shangazi anayelea mtoto wa ndugu, kwa sababu Sheria ya Mtoto haikumwachia mama peke yake haki ya kudai matunzo. Mlezi na ndugu pia wanaweza.

3. Dawati la Jinsia na Watoto, pamoja na vituo vya Mkono kwa Mkono

*Kazi yake.* Kupokea taarifa za ukatili, kuandika maelezo faragha, kutoa PF3, kupeleleza na kupeleka jalada kwa mwendesha mashtaka. Kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Amana, daktari, polisi na ustawi wako sehemu moja, na aliyeumizwa hazungushwi mji mzima akisimulia aibu yake kwa kila dirisha.

*Karatasi.* Namba ya taarifa, yaani RB, na PF3 iliyojazwa na daktari. Zote ni bure. Piga picha ya PF3 kabla hujairudisha, na andika jina la mpelelezi na namba ya jalada.

*Muda.* Hapa saa zinahesabiwa. Kwa aliyebakwa au kulawitiwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Mtu asioge wala kufua kabla ya kuonekana na daktari. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, ule wa kaki, kila nguo na mfuko wake. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu, ukungu unashika na alama zinaharibika. Kama hali ni mbaya, hospitali kwanza, na mtu mwingine afuate PF3. Maisha hayangoji fomu.

*Panapokwama.* Kesi za watoto hufa mahakamani kwa sababu zilezile, na nyingi zingezuilika wiki ya kwanza.

Ya kwanza ni umri. Kumbaka msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa hata kama inadaiwa alikubali, na adhabu yake kwa mtu mzima haipungui miaka 30 jela. Mtoto akiwa chini ya miaka 10, kifungo ni cha maisha. Kwa sababu hiyo umri ni sehemu ya kosa lenyewe na lazima uthibitishwe. Wapo walioachiwa kwenye rufaa kwa kuwa hakuna aliyesema kwa ushahidi mtoto alizaliwa lini. Peleka cheti cha kuzaliwa; kama hakipo, kadi ya kliniki; na mzazi ataje tarehe ya kuzaliwa kwa kinywa chake akiwa kizimbani.

Ya pili ni kuchelewa kumtaja mtuhumiwa. Kama mtoto alimjua, jina liingie kwenye maelezo ya kwanza kabisa polisi. Jina linalojitokeza wiki tatu baadaye linazaa shaka, na shaka inakwenda kwa mshtakiwa.

Ya tatu ni kumalizana. Familia mbili zinakaa, fedha inatolewa, mtoto anapelekwa mkoani kwa bibi yake, na siku ya kesi shahidi hayupo. Kosa la jinai ni la Jamhuri. Mjomba hana mamlaka ya kulisamehe. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa sababu anayerudi mtaani bila kuhukumiwa anarudi kwenye watoto wengine.

Wazazi wengi hudhani mtoto mdogo hawezi kutoa ushahidi. Anaweza. Tangu Sheria ya Ushahidi ilipobadilishwa 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kueleza bila kiapo, akiahidi kwanza mbele ya hakimu kusema kweli na kutosema uongo. Ahadi hiyo lazima iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Mzazi asimkaririshe maneno. Mtoto aliyekaririshwa hujulikana kwa swali la pili tu.

Kwa kipigo cha ndoa, Tanzania haina sheria moja inayosimama peke yake kuhusu ukatili wa majumbani. Mashtaka hutumia makosa ya shambulio na kudhuru mwili katika Kanuni ya Adhabu. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inasema wazi, kifungu cha 66, kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa viboko, na kifungu cha 139 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru mwenzi aache kumsumbua mwenzake. Ukifika dawati ukiwa na majeraha, pata PF3 na matibabu kwanza, hata kama utaitiwa kikao cha kusuluhishwa baadaye. Jeraha hupona; karatasi hubaki. Kama kurudi nyumbani ni hatari, sema hivyo kwa maneno hayohayo. Nyumba salama hupatikana kupitia polisi na ustawi.

*Anamfaa nani.* Aliyepigwa, aliyebakwa, aliyetishiwa, na yeyote aliyeona mtoto akitendewa hivyo. Ukishindwa kufika, piga 116, simu ya msaada kwa mtoto. Kwa matunzo peke yake, dawati litakusikiliza, lakini mwisho litakuelekeza ustawi.

4. Kliniki ya sheria ya asasi

*Kazi yake.* Dar es Salaam ina bahati ya kuwa na asasi zenye miaka mingi kwenye kazi hii: Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, kilichoanzishwa 1989; Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC; na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, kilichoanza 1995. Unapokewa, unahojiwa na mwanasheria, unafunguliwa faili. Baada ya hapo kuna njia tatu: ushauri peke yake, barua na usuluhishi, au kesi.

Na kwenye kesi tuseme ukweli. Wateja wengi hawasimamiwi na wakili hadi mwisho. Wanaandikiwa hati na kufundishwa kujisimamia. Mawakili ni wachache, mafaili ni mengi, na wakili hutolewa zaidi kwa kesi ngumu au zenye hatari. Kujisimamia hakukupi kesi dhaifu, hasa tangu sheria ilipobadilishwa 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kunahitaji urudi kwa mwanasheria kabla ya kila tarehe, siyo baada ya mambo kuharibika.

*Karatasi.* Hati ya madai au maombi iliyoandikwa sawasawa, na mwisho wake amri au hukumu ya mahakama. Hii ndiyo karatasi pekee kati ya zote tulizotaja inayoweza kukaziwa dhidi ya mdaiwa.

*Muda na gharama.* Miezi, na ikikatiwa rufaa, miaka. Ushauri ni bure kwa asiye na uwezo. Wengine huomba barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha hali yako. Ada za mahakama na nakala ni jambo jingine, kwa hiyo uliza mapema kuhusu msamaha wa ada. Kesi za ndoa, mirathi na watoto zina kituo chake cha pamoja Temeke, chenye mahakama za ngazi mbalimbali na huduma zinazoambatana nazo ndani ya jengo moja. Anayetoka Bunju au Chanika apange nauli na muda wa barabarani. Kuitwa jina lako wakati uko kwenye foleni ya magari ni njia rahisi ya shauri kufutwa.

*Panapokwama.* Kwenye talaka, panapokwama zaidi ni cheti cha baraza. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, liwe la kata au la dini. Likishindwa, linatoa cheti, Fomu Namba 3. Cheti hicho kinatakiwa kiwe hakijazidi miezi sita siku unapofungua shauri. Watu hukaa nacho kabatini wakitafuta nauli, muda unapita, wanaanza upya. Wengine wanapewa barua ya kawaida yenye muhuri isemayo "tumeshindwa, waende mahakamani" badala ya fomu yenyewe. Kesi inaweza kwenda hadi hukumu, kisha ikafutwa kwenye rufaa kwa dosari hiyo moja. Pokea fomu, isome hapohapo: majina yote mawili, tarehe, sahihi, na maelezo ya baraza. Kuna hali chache zinazoondoa sharti hili, kwa mfano mwenzi aliyetoweka asijulikane alipo, au aliyeitwa akakataa kwa makusudi kufika. Mwanasheria aziseme kwenye hati yenyewe.

Kwenye mgawanyo wa mali, kosa kubwa ni kufika na machozi bila nyaraka. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika kuchuma mali. Lakini mahakama haikisii kiwango cha mchango huo. Nyumba za Mbagala, Kivule au Goba nyingi hazina hati miliki, kwa hiyo tafuta hati ya mauziano iliyopita serikali ya mtaa, stakabadhi za matofali na bati, kumbukumbu za mkopo wa kikundi, na fundi au jirani atakayesema alikuona ukileta maji na chakula wakati wa ujenzi. Kama nyumba ina hati na unahofia kuuzwa, mwambie mwanasheria aweke zuio kwa Msajili wa Hati mapema. Kifungu cha 59 cha sheria hiyo ya ndoa kinakataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, lakini kumrudisha mnunuzi nyuma ni vita ndefu kuliko kumzuia.

Mkiishi pamoja bila ndoa, usijihukumu kabla ya hakimu. Mliokaa miaka miwili au zaidi mkijulikana kama mke na mume, kifungu cha 160 kinafungua mlango wa kudai.

*Anamfaa nani.* Mwenye talaka, mali, mirathi, au matunzo yaliyoshindikana ustawi. Na mwenye subira ya kutunza faili.

5. Mradi wa kesi ya kubadili sheria

*Kazi yake.* Hapa asasi haimshitaki mumeo. Inaipeleka sheria yenyewe mahakamani. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Rebeca Gyumi, aliyepinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, au 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana anangoja 18. Mahakama Kuu ilikubaliana naye Julai 2016, na Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa ya Serikali Oktoba 2019. Mfano mwingine ni wa wajane wawili waliozuiwa kurithi kwa sheria ya mila. Shauri lao, likisaidiwa na WLAC, lilifika hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo ikawapa haki 2015.

*Karatasi.* Tamko kwamba sheria fulani inakiuka Katiba, na muda wa Serikali kuirekebisha. Halikupi matunzo ya mwezi huu.

*Muda na gharama.* Miaka. Gharama hubebwa na mradi, lakini jina lako na maisha yako vitaingia kwenye hati zinazosomwa hadharani.

*Panapokwama.* Tangu marekebisho ya 2020, anayefungua shauri la haki za msingi anatakiwa aoneshe kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe. Asasi peke yake haitoshi tena. Anahitajika mtu aliyeumizwa na sheria hiyo. Kabla ya kukubali, uliza: nani atanilinda ndugu wakinigeuka, na shauri langu binafsi litaendelea vipi wakati hili kubwa linasubiri?

*Anamfaa nani.* Aliyekwisha kuambiwa na mwanasheria kwamba "sheria ndivyo inavyosema", na mwenye watu nyuma yake. Pia kikundi au kamati ya kata inayotaka mchango wake uwafikie wengi.

Kwa hali yako

*Mtoto ameumizwa leo.* Kituo cha Mkono kwa Mkono au hospitali ya karibu, pamoja na dawati. Barua ya mtaa si sharti. Wasaidizi wengine wote watafuata baadaye.

*Umepigwa na hujaamua kama utaachana.* PF3 na matibabu. Kupata PF3 hakukulazimishi kudai talaka, lakini ukiamua mwaka kesho, itakuwepo. Kisha kliniki ya asasi, kwa siri.

*Mzazi mwenzio anapatikana ila halipi.* Ustawi, na hesabu zako mkononi. Mpe wito mbili. Baada ya hapo Mahakama ya Watoto.

*Amehamia mkoa mwingine au kabadili namba.* Usikae kwenye vikao visivyo na mtu wa pili. Kliniki ikuandikie maombi, na utafute anwani ya mwajiri au ya wazazi wake ili wito wa mahakama upokelewe.

*Unataka talaka na kuna nyumba.* Pitia kliniki kabla ya baraza, ujue fomu inavyotakiwa kuwa, kisha baraza, kisha urudi kliniki ndani ya wiki ileile uliyopata cheti.

*Mume amefariki na ndugu wamekaa kikao bila wewe.* Wahi mahakamani kujua kama kuna shauri la mirathi limefunguliwa. Ukilikuta, weka pingamizi kabla msimamizi hajateuliwa. Shika cheti cha kifo kutoka RITA, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Msimamizi akiwa ameshateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ana miezi minne kuwasilisha orodha ya mali, Fomu Namba 5. Omba kuiona. Nyumba au akaunti isiyotajwa humo ndiyo unayotakiwa kuipigia kelele, kwa maandishi.

*Binti mdogo wa jirani anaozeshwa Jumamosi.* Usianze na kesi ya kikatiba wala kikao cha wazee. Dawati, ustawi, au 116, siku hiyohiyo. Akiwa mwanafunzi, kumuoa au kumpa mimba ni kosa chini ya Sheria ya Elimu kama ilivyorekebishwa 2016, kifungo miaka 30. Nenda na jina la shule yake na darasa analosoma. Kama kadi za mwaliko zimeshachapwa, chukua moja: ina tarehe, mahali, na majina ya wazazi wa pande zote mbili.